Nani Anakupigia Pasi?

Mtaani kwao jina lake la kuzaliwa lilisahaulika zamani. Wote, kuanzia watoto wa shule hadi wazee wa barazani, walimwita Bi Nyoosha. Alikuwa dobi. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana, meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka jeupe juu yake, pasi mbili za umeme, na moja ya mkaa iliyokaa rafuni ikisubiri siku ya umeme kukatika. Nyuma ya pazia kulikuwa na mabeseni, ndoo ya wanga na kamba zilizolemewa na mashuka ya watu. Ukipita pale asubuhi ulikutana kwanza na harufu ya sabuni na mvuke, kisha na sauti yake ikimpa mtu ukweli wake.

Maana mdomo alikuwa nao. Mteja akileta suruali yenye doa na kujifanya hajui limetoka wapi, Bi Nyoosha aliigeuza mara moja tu, akanusa, akasema, "Baba, haya ni mafuta ya pikipiki, na pikipiki ulituambia umeshaiuza. Mama watoto anajua?" Foleni nzima ilivunjika mbavu. Lakini kesho yake suruali ilikuwa safi, na mama watoto akija kuichukua hakuambiwa kitu. Ndiyo maana watu walimtania, wakamwogopa kidogo, na nguo zao hawakuzipeleka kwingine.

Kipaji chake hasa kilikuwa kwenye mashati. Alisema kila mpiga pasi huacha alama yake, hasa pale pua ya pasi inapozunguka vifungo na inapoishia kwenye ncha za kola. Alikuwa akishika shati la mteja mpya, kabla hata hajalichovya majini, anakwambia kama mara ya mwisho lilipigwa pasi na mke mwenye haraka, na kijana anayeishi peke yake au na dobi mwenzake wa mtaa wa pili, ambaye hakumpenda. Watu walidhani ni uchawi. Haukuwa uchawi wowote, ni miaka mingi ya kusimama mbele ya meza ile.

Basi siku alipotangaza kwamba anakwenda likizo nchi jirani, peke yake, mtaa mzima ulishika kiuno.

"Dada, likizo ni ya walioajiriwa," mdogo wake alimwambia. Huyu mdogo wake ndiye aliyekuwa akimsaidia dukani, mwanamke mwenye moyo mzuri na hofu nyingi. "Wewe umeajiriwa na nani?"

"Nimejiajiri. Na bosi wangu nimemwomba, kakubali."

Bintiye, aliyekuwa ameolewa mji mwingine, alipiga simu akiwa na wasiwasi tele. "Mama, unakwenda na nani?"

"Na begi langu."

"Sikutanii, mama. Kule kuna msiba? Kuna harusi?"

"Hakuna anayekufa wala anayeolewa. Nakwenda kukaa tu."

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mwanamke huyu alikuwa amevuka miaka hamsini, na safari zake zote zilikuwa za misiba na harusi, akiwa amebanwa katikati ya kiti na mtoto wa mtu mapajani. Hakuwahi kwenda mahali kwa sababu tu anataka kwenda. Na alikuwa na hamu moja ambayo hakumwambia mtu, kwa kuwa alijua wangemcheka: alitaka kulala kwenye shuka ambalo hakulifua yeye.

Lakini kabla hatujampandisha basi, lazima lisemwe la mumewe, kwa sababu bila hilo hakuna kitakachoeleweka.

Mumewe alikuwa mtu wa safari za kikazi, wiki huku, wiki kule. Bi Nyoosha mwenyewe ndiye aliyempigia pasi mashati yake, na mikono ya shati aliipiga bila kuiacha na mstari, kwa kuizungusha juu ya taulo lililoviringwa. Ilikuwa kazi ya kuchosha na hakumfanyia mteja yeyote. Siku moja mume akarudi kutoka safarini amevaa shati safi kabisa, limenyooka vizuri, na kila mkono una mstari mmoja mkali kutoka begani hadi kwenye kishikizo. Bi Nyoosha alimpokea begi, akampa maji ya kunywa, akaliangalia lile shati, akajua. Kuna mwanamke mwingine, tena si wa kupita njia, maana wa kupita njia hapigi pasi.

Akanyamaza. Alinyamaza kwa miaka. Mwanamke aliyeweza kumtoa jasho mteja kwa doa la mafuta, ndani ya nyumba yake alikuwa bubu. Aliogopa kuuliza kwa sababu aliogopa kujibiwa. Mume alipoondoka hatimaye kwenda kwa yule mwingine, aliondoka asubuhi, amevaa shati alilopigiwa pasi na Bi Nyoosha jana yake. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Akaapa kwamba maishani mwake hatampigia tena pasi mwanaume anayempenda, na kwa vile hakuwa anampenda yeyote, kiapo kile hakikumsumbua.

Haya, sasa apande basi.

Mji aliofikia ulikuwa mji wa ngazi. Barabara zilipanda na kushuka, na kati ya barabara na barabara kulikuwa na ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu. Kiswahili kilikuwa kilekile, ila walikivuta kidogo mwishoni, naye alikipenda kukisikia. Chumba chake cha gesti kilikuwa ghorofani, kina kitanda, kioo, kiti kimoja na dirisha lililotazama mabati ya watu. Alipoingia tu alikunja ncha ya shuka kuangalia lilivyopigwa pasi. Limepigwa upande mmoja! Akafungua mdomo kumwita mhudumu, kisha akajishika. "Nyamaza wewe," akajiambia. "Uko likizo." Akajitupa kitandani na viatu vyake, jambo ambalo angempiga mtu kofi kwa kulifanya kwake, akalala hadi jua likapungua makali.

Siku za mwanzo zilikuwa na taabu yake. Kukaa peke yako mezani kwenye mgahawa, mwanamke mtu mzima, kila mhudumu anakuuliza unamsubiri nani. Siku ya kwanza alisema anamsubiri dada yake. Siku ya pili akapiga moyo konde akasema, "Simsubiri mtu. Niletee chai." Chai ikaja, dunia haikuanguka. Tangu hapo akawa anatembea kutwa, ameshika pochi mkononi, anasimama anapotaka, anakaa anapochoka, na hakuna aliyemwita kumwuliza sukari iko wapi.

Mvua ndiyo iliyomwingiza makumbusho. Ilimkuta mbele ya jengo kubwa la zamani lenye nguzo, akakimbilia ndani, akalipa kiingilio kwa ajili ya paa tu. Akapita kwenye vyumba vyenye vyungu na mikuki na picha za watu walionuna, miguu ikawa inawaka moto. Kwenye chumba cha mwisho akaona kiti kizuri cha mbao chenye mikono iliyochongwa, akakikalia, akavua kiatu kimoja.

"Dada," sauti ikasema nyuma yake, taratibu kabisa, "hicho kiti alikuwa akikikalia mtawala wa hapa. Alikufa kabla babu zetu hawajazaliwa."

Bi Nyoosha akageuka. Alikuwa mlinzi, mwanaume mrefu wa makamo mwenye mvi za pembeni mwa kichwa, amesimama mikono nyuma. Uso wake ulikuwa wa kazi, lakini macho yalikuwa yanacheka.

"Basi atakuwa hakihitaji," Bi Nyoosha akajibu, na hakuinuka papo hapo.

Mlinzi akaangalia huku na huku. "Kwa kweli tangu niajiriwe hapa hakujawahi kuja kukidai," akasema. "Lakini mkuu wangu akipita nitamwaga unga. Nakuomba uhamie kwenye benchi lile. Ni la juzi tu, la seremala wa mtaani."

Alihamia. Mlinzi akabaki amesimama pale karibu, na mvua ikawaonea huruma, ikaendelea. Wakazungumza. Alimwuliza kama yuko na wenzake, akasema yuko peke yake. Mlinzi hakuuliza kwa nini, hakusema pole, hakusema yeye ni jasiri. Akasema tu, "Vizuri. Basi jioni nikitoka kazini naweza kukuonyesha mto, kama hujauona."

Sasa, shati. Bi Nyoosha aliliona tangu dakika ile ya kwanza, asingekuwa yeye kama hangeliona. Lilikuwa shati jeupe la sare, na lilikuwa limepigwa pasi kwa namna ambayo hakuwahi kuiona kwa mtu mwingine zaidi ya yeye mwenyewe. Mabega yametulia, vifungo vimezungukwa bila kukanyagwa. Na pua ya pasi ilikuwa imeingia kwenye kila kifungo kutoka upande usio wa kawaida. Aliyelipiga pasi anatumia mkono wa kushoto. Mlinzi alipochana tiketi za wageni wengine, alichana kwa mkono wa kulia. Alipoandika kwenye kitabu cha zamu, aliandika kwa mkono wa kulia.

Akajua, na akajifanya hajajua. Akajiambia kuna madobi wa mkono wa kushoto duniani. Akaenda mtoni.

Wakaenda mtoni jioni ile, na iliyofuata, na nyingine tena. Mlinzi hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alilolisema lilikuwa limekaa sawa. Alijua kila ngazi ya mji ule na hadithi yake, na alipokuwa hajui alisema hajui, akabuni, halafu akakiri kwamba amebuni. Bi Nyoosha alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi. Walikula mahindi ya kuchoma wakiwa wamesimama. Walipanda kivuko cha kwenda ng'ambo na kurudi bila sababu yoyote, na katikati ya maji mlinzi akamshika mkono, akaushika hivyo hivyo mpaka wakafika. Mkono wenyewe ulikuwa na ngozi ngumu ya moto wa pasi na kovu la mvuke kwenye kidole gumba. Mlinzi aliligusa lile kovu kwa kidole chake, akasema, "Hili lilikuuma." Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Moyo wa Bi Nyoosha ulimwenda mbio kama wa msichana, naye hakuona haya hata kidogo. Alikuwa amempenda yule mtu, na alijua amempenda.

Kisha siku moja upepo ulipiga wakiwa kwenye daraja, ukaipindua kola ya mlinzi. Chini ya kola, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, palikuwa pamenyooka sawasawa na juu. Bi Nyoosha akaifungua kola vizuri, kama anayemtengenezea, akaangalia na ndani ya mfuko wa kifuani. Hata ndani ya mfuko! Dobi wa kulipwa hapigi pasi ndani ya mfuko. Huko hufika mtu mmoja tu, na mtu huyo hafanyi kwa ajili ya ujira.

Akasema kichwa kinamuuma, akarudi gesti.

Aliweka begi juu ya kitanda na kuanza kukunja nguo zake, ingawa likizo ilikuwa bado. Akampigia mdogo wake. Mdogo wake hakushangaa hata kidogo.

"Si nilikwambia? Wanaume ni walewale, dada, mpaka wa nchi hauwabadilishi. Rudi zako nyumbani. Hata usimuage. Umeshajua, inatosha."

"Umeshajua, inatosha," Bi Nyoosha akarudia baada ya kukata simu. Maneno hayo hayakumkaa vizuri. Ndiyo yaleyale aliyojiambia miaka yote ile, akimwangalia mumewe akila mezani. Alijua, ikatosha, na ikamla ndani kwa ndani mpaka akabaki mifupa. Akakaa kwenye kile kiti kimoja cha chumba, sketi imekunjwa nusu mikononi. Mlinzi akiwa mwongo, basi na awe mwongo kwa mdomo wake. Safari hii hataliachia shati limjibie.

Akainuka, akanawa uso, akashuka ngazi zote zile hadi makumbusho. Mlinzi alikuwa kwenye chumba cha kile kiti, anawaongoza wageni, kundi zima la watu wazima wenye kofia. Bi Nyoosha hakusubiri wamalize.

"Samahani jamani," akawaambia wageni. Kisha akamgeukia. "Wewe. Nani anakupigia pasi?"

Mlinzi akajiangalia kifuani kama aliyeambiwa ana doa. "Shati hili?"

"Hilo. Na la jana, na la juzi. Mtu wa mkono wa kushoto. Nani?"

"Mama mkwe wangu," akasema mlinzi.

Jibu lile lilikuwa baya kuliko alilolitarajia. "Mama mkwe," Bi Nyoosha akasema polepole. "Kwa hiyo mke yupo, na mama yake yupo."

"Mama yupo," mlinzi akasema. "Mke wangu alifariki. Ni zamani sasa. Mama alikuwa anaishi na sisi, na hakuwa na mtoto mwingine. Ningempeleka wapi? Nikabaki naye. Nilitaka kukwambia. Nikaona nikianza na marehemu, na mama mkwe nyumbani, utakimbia."

"Mimi nikimbie?" akasema Bi Nyoosha, ambaye begi lake lilikuwa wazi juu ya kitanda wakati huo huo.

Mgeni mmoja wa wale wenye kofia, mama mmoja mnene, akapiga makofi. Mwingine akamkanya. Mlinzi akasema, "Nitoke kazini nikupeleke ukamwone, kama huniamini." Bi Nyoosha akajibu kwamba anamwamini, ila atakwenda vilevile.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, juu ya ngazi za mwisho kabisa. Sebuleni hakukuwa na nafasi ya meza ya chakula, kwa sababu palikuwa na meza ya kupigia pasi, imewekwa dirishani penye mwanga. Bibi mmoja mdogo wa umbo, amejifunga kitambaa kichwani, alikuwa amesimama nyuma yake, na pasi iko mkono wa kushoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu." Bibi hakuiweka pasi chini. Alimwangalia mgeni toka kichwani hadi miguuni, bila haraka. Kisha akamwambia mkwewe, "Nenda kalete maziwa ya chai."

"Maziwa yapo, mama."

"Yamekwisha," akasema bibi, na mlinzi akatoka.

Wakabaki wawili. Mvuke ukapanda kati yao. "Amenipigia simu akaniambia wewe ni dobi," bibi akasema, "na kwamba umenijua kwa shati tu. Ulijuaje?"

Bi Nyoosha akasogea, akamwonyesha pale pua ya pasi inapoingilia kwenye kifungo. Bibi akainama kuangalia, akacheka hadi mabega yakatikisika. "Maisha yangu yote sikuwahi kuliona hilo!" Kisha kicheko kikaisha. "Na ukadhani mimi ni mkewe."

"Nilidhani, mama. Kwa ajili ya ule mfuko. Na chini ya kola."

Bibi akawa anapitisha pasi kwenye mkono wa shati, taratibu. "Mwanangu alikuwa akimpigia hivi hivi," akasema. "Nilimfundisha mimi. Alipougua, yule bwana alimuuguza mwenyewe, kwa mikono yake. Alimwogesha. Mimi nilikuwa mlangoni nalia, sina msaada, yeye anamwogesha mke wake na kumwimbia. Baada ya mazishi nikasema sina cha kumlipa mtu huyu. Nina pasi tu. Anakataa, ananiambia mama pumzika, atavaa hata likiwa na makunyanzi. Nikamwambia siku utakayovaa makunyanzi ni siku nitakayokuwa nimekufa, au ni siku nimekuona huna upweke tena." Akaiweka pasi wima, akamtazama Bi Nyoosha machoni. "Sasa na mimi nikuulize, maana nimeambiwa na wewe ni mtu wa kuuliza. Mkwe wangu unamtaka?"

Machozi yalikuwa yameshamfika Bi Nyoosha kidevuni na hakuyafuta. "Namtaka, mama. Namtaka sana." Akavuta pumzi. "Ila shati simpigii. Niliapa."

Bi Nyoosha akaona ameharibu kila kitu kwa mdomo wake ule ule. Lakini bibi hakukasirika. Alivuta stuli, akamkalisha, akasema, "Hebu nieleze hicho kiapo." Naye akaeleza, tangu lile shati lenye mstari mkononi hadi asubuhi mumewe alipotoka. Mlinzi aliporudi na maziwa aliwakuta wanawake wawili wameshikana mikono juu ya shati lake, na akawa na busara ya kwenda moja kwa moja jikoni.

Likizo ikaisha ilivyopangwa. Hapa wengine wangetia chumvi waseme Bi Nyoosha alibaki huko, au mlinzi aliruka naye ndani ya basi. Hakuna aliyeruka. Bi Nyoosha alikuwa na duka, na mashuka ya watu yalikuwa yanamsubiri. Mlinzi alimsindikiza stendi, akambebea begi, akamwambia atakuja. Bibi alikuja pia, akashuka ngazi zote zile kwa mkongojo. Hakusema neno zaidi ya safari njema, ila alimtazama mkwewe kwa jicho la mtu anayefanya hesabu zake kichwani.

Mtaani wakamkuta ananyoosha nguo huku anaimba, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Simu iliita kila jioni, naye alitoka nje kuipokea. "Nani huyo?" wakamwuliza. Watu walitegemea atawafukuza kwa maneno makali. Badala yake akasema, "Ni mtu wangu," mbele ya foleni nzima, na kuendelea na pasi yake. Wambea walikosa pa kuanzia, maana wao huishi kwa yaliyofichwa. Mdogo wake tu ndiye aliyezidi kutikisa kichwa. "Dada, simu si mtu. Mwenyewe haji."

Miezi ikapita. Mlinzi alisema anaomba ruhusa kazini, kisha ruhusa ikachelewa, kisha akasema mama hajisikii vizuri, kisha simu ikakatika siku tatu mfululizo. Bi Nyoosha alikula kidogo na kupiga pasi sana. Mdogo wake, kwa mara ya kwanza, hakutikisa kichwa.

Siku ya nne asubuhi, duka likiwa limejaa wateja, mwanaume mrefu mwenye mvi za pembeni mwa kichwa alisimama mlangoni na begi. Foleni yote ikageuka. Bi Nyoosha akainua macho, lakini hakumwangalia usoni. Aliangalia shati.

Lilikuwa jeupe, lilelile la sare, na lilikuwa na makunyanzi kuanzia kola hadi pindo. Limekunjamana kifuani, mikono imejipinda, kola imelala upande mmoja. Lilikuwa limefuliwa na kuanikwa, na basi.

Pasi ikamponyoka Bi Nyoosha mkononi, mdogo wake akaidaka kwa kishikio. "Mama," Bi Nyoosha akasema kwa sauti ndogo. "Mama amekufa?"

"Mama?" Mlinzi akashangaa. "Mama mzima kabisa! Alikuwa na mafua. Yuko kwa dada yake, anakusalimu, anakuja nikishapata pa kumweka huku." Akajiangalia, akaona aibu mbele ya watu wote wale. "Amekataa kunipigia pasi. Nimembembeleza, nikamwambia mama, nakwenda kwa dobi, nitaonekanaje? Akanificha pasi. Akasema nije hivi hivi, na nikikuta unaliangalia shati nisikwambie kitu, wewe utaelewa."

Bi Nyoosha alielewa. Alikuwa ameyasoma mashati ya watu miaka yote ile, na lile ndilo la kwanza kuandikiwa yeye. Akakaa kwenye stuli akalia, kisha akacheka, kisha akafanya vyote viwili, na mdogo wake, mwenye hofu zake zote, akaanza kulia pia bila kujua analilia nini.

"Haya, lete hilo shati," mteja mmoja akasema kutoka kwenye foleni. "Mnyooshee mgeni, sisi tutasubiri."

"Simnyooshei," akasema Bi Nyoosha. Aliinuka, akafuta uso kwa pindo la khanga, akasogeza nguo za watu upande mmoja wa meza na kumwachia nafasi. "Hapa ndani nawapigia pasi wateja, na huyu si mteja."

Akamvuta mlinzi ndani kwa mkono, akamsimamisha mbele ya meza, akampa pasi.

"Vua," akamwambia. "Tunaanza na kola. Chini yake kwanza."